Sanduku la naloksoni lisifungwe kufuli: jibu kwa msimamizi wa maktaba

Swali la msomaji: "Ninasimamia maktaba ya umma yenye ghorofa tatu, vyoo vinavyotumiwa na yeyote apitaye, na ukumbi unaokodishwa jioni. Inaandaliwa kanuni itakayolazimisha maeneo kama letu kuwa na dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha heroini au vidonge vya maumivu. Wafanyakazi wangu wamegawanyika. Je, ni haki kutulazimisha? Tukilazimishwa, ninunue nini, kiasi gani, niweke wapi? Na mfanyakazi wetu akimpa dawa hiyo mtu aliyeanguka kwa kisukari, si tutakuwa tumemuua?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowafunga watu mikono. Hapana, hamtakuwa mmemuua. Naloksoni ina kazi moja: kuzing'oa dawa za jamii ya afyuni, yaani opioidi kama heroini, morfini, kodeini, methadoni, fentanili na tramadoli, kutoka kwenye vipokezi vya ubongo zilikojishikiza. Mtu asiye na opioidi mwilini hana cha kung'olewa. Aliyeanguka kwa kisukari, kifafa, kiharusi au pombe atabaki vilevile alivyokuwa, nanyi mtakuwa mmepoteza dozi moja. Mzio wa dawa hii ni nadra sana, na hailevyi wala haizoeleki. Hatari kwa mgonjwa wa kisukari ni nyingine: ninyi kumpulizia, kudhani kazi imekwisha, na kuacha kupiga simu ya dharura. Kwa hiyo wafundishe watu wako kwamba simu na dawa huenda pamoja.

Sasa haki. Mimi nasema ni haki kulazimisha, ila kwa sharti kwamba kanuni iandikwe na mtu aliyejiuliza itakuwaje saa mbili usiku, msimamizi akiwa ameshaondoka na funguo mfukoni. Kanuni za namna hii hupenda kuuliza kama dawa ipo jengoni. Anayekufa chooni hafaidiki na dawa iliyopo jengoni. Anachohitaji ni dawa iliyomfikia puani ndani ya dakika chache, na karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na dakika hizo.

Opioidi huua kwa kuzima amri ya kupumua. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Aliyezidiwa hushuka hadi 8, hadi 4, kisha pumzi inakata huku moyo bado unapiga. Ubongo uliokosa oksijeni kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuumia kwa namna isiyorudishika, na moyo nao hufuata. Naloksoni ya kupulizia puani huchukua dakika 2 hadi 3 kufanya kazi. Toa hizo, toa pia nusu dakika ya kushtuka na kutambua, uone kilichobaki.

Mtu anayetembea kwa haraka hupita kama mita 90 kwa dakika kwenye njia iliyonyooka. Ukijipa dakika mbili za kwenda na kurudi, sanduku lisiwe mbali zaidi ya mita 90 kutoka popote mtu anapoweza kuanguka. Lakini maktaba si uwanja. Kuna ngazi, milango inayojifunga, na watu wanaosimama katikati ya njia kushangaa. Gawanya kwa mbili: mita 40 hadi 50, na kamwe lisiwe ghorofa nyingine. Jengo lako la ghorofa tatu basi linahitaji vituo vitatu. Ukumbi wa jioni, kama una mlango wake na maktaba hufungwa wakati unatumika, unahitaji cha nne. Hapo ndipo utakapoipima kanuni mtakayoletewa: ikisema "kila taasisi iwe na dozi mbili" bila kutaja umbali wala saa, jengo lako litakuwa limetii sheria na bado mtu atakufa ghorofa ya tatu.

Kuhusu kununua, chukua kipulizio cha puani cha miligramu 4 chenye dozi moja, kinachouzwa kwa jozi. Hakihitaji kuunganishwa, kutikiswa wala kupimwa. Usivutwe na vile vya miligramu 8 kwa hoja kwamba fentanili ni kali. Polisi wa jimbo la New York walitumia aina zote mbili kazini na matokeo yakalinganishwa na kuchapishwa mwaka 2024: waliopewa miligramu 8 hawakupona kwa wingi zaidi, ila walitapika na kupata arosto, yaani mateso ya mwili kunyimwa ghafla dawa uliyoizoea, zaidi. Mtu anayetapika huku hajajitambua sawasawa anaweza kuvuta matapishi hayo mapafuni, kwa hiyo kuongeza nguvu ya dawa si jambo la bure. Kipulizio kikikosekana, kuna ampuli za sindano za miligramu 0.4, zinazochomwa kwenye msuli wa paja au bega, hata juu ya nguo. Zinafanya kazi vizuri, lakini zinataka mtu avunje kioo, avute dawa na alenge msuli akiwa anatetemeka. Kwa wahudumu wa maktaba singezipendekeza pale ambapo kuna chaguo. Kama ndizo pekee, tafuta bomba lililokwisha kujazwa.

Hesabu yako: vituo vinne kwa dozi mbili ni nane, na dozi mbili za akiba ni kumi. Usinunue zote siku moja. Hili ni kosa la kawaida kupita yote: taasisi hununua kwa mkupuo baada ya kanuni kutangazwa, zote zinaisha muda mwezi mmoja, na mwezi huo bajeti haina kitu. Nunua nusu sasa na nusu baada ya miezi sita au zaidi, kisha zungusha, zenye tarehe ya karibu zikae kituo chenye matukio mengi. Muda wa matumizi hutofautiana kwa aina na mwaka wa kutengenezwa, kwa kawaida kati ya miaka miwili na minne, kwa hiyo soma kasha lenyewe na si tangazo. Ikitokea siku ya tukio kilichopo ni kilichopita muda tu, kitumieni. Naloksoni ni dawa inayodumu, na iliyopita muda kidogo ni bora kuliko mikono mitupu. Lakini hiyo ni kwa siku ya shida, isiwe mpango.

Kwenye kila sanduku weka dozi mbili, kinga ya mdomo yenye vali kwa ajili ya kupulizia pumzi, jozi mbili za glavu zisizo za lateksi, kalamu ya wino mzito ya kuandikia saa dawa ilipotolewa, na maelekezo ya picha yasiyozidi ukurasa mmoja. Kama mna mashine ya kushtua moyo, sanduku likae pembeni yake. Mwongozo uliotolewa Desemba 2023 kwa majengo ya serikali kuu ya Marekani unashauri hivyohivyo, mashine ya moyo, naloksoni na vifaa vya kuzuia damu mahali pamoja, na sababu yake ni rahisi: mfanyakazi aliyepanikika akumbuke sehemu moja, si tatu.

Dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25 za Selsiasi. Kupanda hadi 40 kwa muda mfupi huvumilika, kuganda hapana, maana kipulizio kilichoganda hakipulizi. Maana yake sanduku lisitundikwe dirishani penye jua, juu ya mashine ya joto, kwenye ukuta wa nje au ndani ya gari.

Na kufuli? Hapana. Najua hoja: zitaibiwa. Zitaibiwa chache, kweli, na aliyechukua kuna uwezekano mkubwa ni mtu anayeishi karibu na watu walio hatarini, ambako ndiko vifo vingi vinakotokea. Weka lakiri ya plastiki inayokatika kwa kuvutwa, na ukitaka, king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa. Lakiri iliyokatika inamwambia mkaguzi kwa mtupo mmoja wa jicho kwamba sanduku limeguswa. Kufuli linamwambia mtu anayekimbia arudi alikotoka akatafute ufunguo.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye vyoo, kwa sababu katika jengo la umma huko ndiko mtu hujificha, na kujificha ndiko kunakoua. Mlango umefungwa kwa ndani, hakuna anayeona, na mara nyingi unafunguka kuelekea ndani, kwa hiyo mwili ulioanguka unauzuia. Nimesema naloksoni hutaka dakika 2 hadi 3. Dakika tano za kusukuma mlango zinafuta faida yote. Kabla ya kununua dozi hata moja, fanya haya: badilisha vitasa viwe vya kufunguka kwa nje kwa sarafu au bisibisi, geuza milango ifunguke nje au iwe na bawaba zinazong'oka, inua ukingo wa chini wa mlango kiasi cha kuona miguu, na panga mtu wa kupita kila dakika 10 hadi 15 akigonga na kusubiri jibu. Asiyejibu mara mbili, mlango unafunguliwa. Wengine hufunga taa za bluu ili mishipa isionekane. Achana nazo: watu hujichoma hivyohivyo, kwa kubahatisha na kwa madhara zaidi, na mwokoaji naye hawezi kuiona rangi ya midomo ya mtu aliyelala pale.

Je, nani afundishwe? Kwa desturi barua ya mafunzo huwafikia wakuu wa vitengo. Wanaowakuta watu sakafuni ni wasafishaji, walinzi na wahudumu wa zamu ya jioni, na wengi wao wameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo hawamo kwenye orodha yako. Waanze wao. Dakika 20 zinatosha kama kila mmoja atashika kipulizio cha mazoezi kisicho na dawa. Rudieni kila mwaka, na mfundisheni kila mgeni kazini wiki yake ya kwanza. Kila zamu, ikiwemo ya ukumbi wa kukodi, iwe na wawili, maana mmoja atakuwa kwenye simu.

Wanachopaswa kukijua ni hiki. Umkute mtu amelala au amekaa ameinamisha kichwa: mwite kwa sauti, mtikise bega. Asipojibu, sugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu, sekunde 5 hadi 10. Msinziaji atakunja uso au atakutukana, na hapo una jibu lako. Asipotikisika, tazama kifua kwa sekunde 10. Hujaona pumzi mbili? Ni dharura. Mkoromo mzito wenye mlio wa maji kooni nao ni dharura, ingawa watu huusikia na kusema "mwacheni alale", na wengi wamefia kwenye usemi huo. Mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini, ila usizitegemee, kwani aliyekosa hewa muda mrefu au aliyechanganya dawa anaweza kuwa na mboni pana. Rangi ya bluu nayo huonekana kwa weupe. Kwa mtu mweusi angalia fizi, ndani ya mdomo, viganja na kucha, utaona kijivu cha majivu.

Elekeza kidole: wewe piga simu ya dharura, wewe lete sanduku. Usiseme "mtu apige simu", kila mmoja atadhani mwenzake kapiga. Kwenye simu inatosha kusema mtu hajitambui na hapumui vizuri, na mahali mlipo hadi ghorofa na mlango. Mlaze chali, tia mkono chini ya shingo ili kichwa kilegee nyuma, ingiza ncha ya kipulizio kwenye tundu moja la pua mpaka vidole vyako viguse pua, kisha bonyeza hadi mwisho. Dozi yote huenda tundu moja. Si lazima awe anavuta hewa. Dawa hunyonywa na utando wa pua wenyewe. Na jambo ambalo lazima lisemwe kwenye kila mafunzo: usijaribu kipulizio hewani kwanza kuona kama kinafanya kazi. Kina mbonyezo mmoja tu. Ukikijaribu umekimaliza.

Wakati dawa inaingia, mpe anachokosa, yaani hewa. Weka kinga ya mdomo, inua kidevu, bana pua, puliza pumzi moja kila sekunde 5, hadi kifua kiinuke. Hapa ndipo taasisi nyingi hukosea: watu hupulizia dawa, hurudi nyuma na kukodoa macho kwa dakika tatu, na dakika tatu hizo ndizo zilizokuwa na thamani. Kama hapumui kabisa na haonyeshi dalili yoyote ya uhai, ni kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Aliyefundishwa aweke pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30, na asiyefundishwa afuate maelekezo ya mtu wa simu ya dharura. Mashine ya moyo iwashwe.

Zikipita dakika 2 hadi 3 bila pumzi kurejea, toa dozi ya pili kwenye tundu la pili. Usiitoe kabla, kwa haraka tu, maana ya kwanza haijapata nafasi. Ila elewa mnachokitafuta. Mnatafuta pumzi. Mtu anayepumua vizuri lakini bado amesinzia amekwisha okoka. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa mbele ili asibingirike, na umwangalie. Kumwongezea dozi ili tu afumbue macho ni kumtia kwenye arosto kali: kutapika, jasho, maumivu ya mwili, hasira. Kama kidonge alichomeza au alichopewa kilikuwa na dawa nyingine, mfano za usingizi au zailazini ya kutulizia wanyama, huenda asiamke hata pumzi ikiwa sawa, kwa sababu naloksoni haizigusi hizo. Tramadoli nayo inaweza kuleta degedege ambayo naloksoni haiiondoi. Mtoto aliyemeza vidonge vya mzazi hupewa kipulizio kilekile cha mtu mzima.

Akiamka, asimame mtu mmoja tu mbele yake, wengine wasogee. Mwambie kwa sauti ya kawaida: umezimia, tumekupa naloksoni, msaada unakuja. Atataka kuondoka, na pengine atataka kutumia tena kuondoa arosto. Hapo mweleze ukweli huu bila mahubiri. Naloksoni ni kama mgeni aliyemwinua mwenzake kitini akakikalia. Hukaa dakika 30 hadi 90, kisha huondoka, na yule wa kwanza bado yuko mlangoni. Methadoni na vidonge vya kuachia dawa polepole vinadumu kuliko naloksoni, kwa hiyo mtu anaweza kuzama tena saa moja baadaye akiwa peke yake. Akiongeza dozi juu yake, ni hatari maradufu. Msimshike kwa nguvu. Akikataa kabisa kungoja, jitahidini asiondoke peke yake, na mpeni dozi iliyobaki aende nayo.

Watakuuliza pia kama kumgusa mtu aliyetumia fentanili kunaweza kuwadhuru. Vyama viwili vya wataalamu wa sumu vya Marekani vilitoa tamko la pamoja mwaka 2017: kugusa unga huo kwa ngozi au kuwa karibu nao hakumfanyi mwokoaji azidiwe, na glavu za kawaida zinatosha. Kinachodhuru ni sindano iliyo sakafuni. Msiirudishie kifuniko, iokoteni kwa koleo na kuitia kwenye chombo kigumu kisichotobolewa.

Turudi kwenye kanuni yenyewe, maana inaandaliwa na bado mna nafasi ya kusema. Wapinzani watadai kwamba dawa ikiwa ukutani, watu watatumia bila woga. Tafiti nyingi zilizofuatilia ugawaji wa naloksoni hazikuona matumizi yakiongezeka, na yeyote aliyewahi kumwona mtu akitupwa kwenye arosto ghafla haulizi tena swali hilo. Wengine watasema hii ni kazi ya madaktari. Chicago watu wa kawaida wamekuwa wakigawiwa naloksoni tangu 1996, Scotland iliufanya mpango wa nchi nzima mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani likaelekeza mwaka 2014 kwamba yeyote anayeweza kushuhudia mtu akizidiwa apate dawa hii na mafunzo yake, na Marekani iliruhusu cha puani kiuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2023.

Hoja nzito zaidi ni kwamba vifo vingi hutokea majumbani. Hiyo ni kweli, na kanuni ya maeneo ya umma isiuzwe kama tiba ya tatizo lote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu takriban 125,000 walikufa kwa kuzidiwa na opioidi mwaka 2019, na sehemu kubwa ya vifo vya namna hii hakuna sanduku la ukutani litakalovifikia. Kwa hiyo pesa za kulazimisha kila duka dogo na kila ofisi ni afadhali ziende kwa familia za watumiaji. Walazimishwe wenye vyoo vya umma, vituo vya usafiri, maktaba, kumbi za usiku, mabweni, nyumba za kulala wageni na hifadhi za wasio na makazi. Ninyi mmo.

Chunguza pia kanuni inamlenga nani. Ontario, nchini Kanada, tangu Juni 2023 mwajiri anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba mfanyakazi wake anaweza kuzidiwa kazini analazimika kuwa na kasha la naloksoni na mtu aliyefundishwa awepo wakati wa kazi, jina lake likibandikwa karibu na kasha. Imeandikwa kwa makini, ila ni sheria ya usalama kazini: hatari inayohesabiwa ni ya mfanyakazi, si ya mteja. Mkinakili maneno yake, maktaba yenye wageni walio hatarini na wahudumu wasio hatarini itaachwa nje.

Kwenye maoni yenu andikeni mambo manne. Kinga ya kisheria kwa anayetoa dawa kwa nia njema, ikiwataja waziwazi walinzi wa kampuni, wanaojitolea na wapangaji wa ukumbi, na taasisi yenyewe. Kama dawa bado inahitaji cheti cha daktari, agizo la jumla linaloruhusu taasisi kununua bila jina la mgonjwa. Taarifa ya tukio iwe na saa, mahali na idadi ya dozi, bila jina la aliyeokolewa, na polisi wasiitwe kwa lazima, kwa sababu mtu anayeogopa kukamatwa hukimbia na wenzake hawapigi simu.

La nne ni adhabu, na hapa watunga kanuni hujikwaa wakiwa na nia njema. Ukimtoza faini msimamizi kwa kila dozi inayokosekana, atafanya nini? Atazifungia kabatini, atabeba ufunguo, na kila mkaguzi atakuta hesabu kamili. Ombeni ukaguzi wa namna nyingine: mkaguzi asimame mlangoni mwa choo cha mbali, aseme "mtu kaanguka hapa", apime muda kwa saa. Dawa ikifika ndani ya dakika mbili, mmefaulu. Dozi iliyotumika au iliyochukuliwa iwe na siku kadhaa za kujazwa bila adhabu, na ya kujazia itoke ghala la umma, isingoje kikao cha bajeti.

Kila mwezi mtu mmoja mwenye jina, si "ofisi", apite kwenye vituo vyote: lakiri nzima, dozi mbili, tarehe, kinga ya mdomo haijatoboka. Aandike na kutia saini. Sanduku likitumika usiku, zamu hiyohiyo ichukue dozi mbili za akiba na kulijaza kabla ya kufunga, kwa hiyo akiba isiwe ofisini kwako nyuma ya mlango wako.

Kuhusu wafanyakazi waliogawanyika, usimlazimishe mtu kushika kipulizio. Kanuni inalazimisha taasisi, na wanaokubali watatosha. Asiyetaka ana kazi nyingine kwenye tukio hilohilo: kupiga simu, kuwaondoa watoto na wenye simu za kurekodi, kushikilia lifti ghorofa ya chini, na kusimama mlangoni kuwaonyesha watu wa gari la wagonjwa njia.